Bakteria anajuaje DNA yake imeharibika? Jibu kuhusu SOS, LexA na zile kamba ndefu kwenye slaidi

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa diploma ya maabara, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dokta. Kwenye praktiko tulipanda E. coli tukaweka kidisk cha siprofloksasini, kesho yake tukachukua bakteria wa pale pembeni ya duara ambapo dawa imepungua nguvu, tukapaka slaidi tukafanya Gram. Badala ya vile vifimbo vifupi tukaona kamba ndefuu zimelala. Mwalimu akasema hiyo inaitwa SOS, bakteria anakarabati DNA, afu muda ukaisha. Sasa bakteria hana ubongo wala neva, anajuaje kwamba DNA imeharibika? Anawashaje jeni za kukarabati? Na ni kweli dawa yenyewe inaweza kumsaidia kuwa sugu?"

Marahaba mdogo wangu. SOS ni mwitikio wa dharura wa bakteria pale DNA yake ikiharibika. Naanza na hapo kwenye "anajuaje" maana ndo pamebeba mzigo wote, ukipaelewa hapo mengine yanajipanga yenyewe.

E. coli ana DNA ya herufi kama milioni 4.6. Zipo protini, kina UvrA na UvrB, wanaozunguka kukagua DNA wakitafuta sehemu iliyopinda, hiyo ni kweli, lakini sio wao wanaotoa taarifa kwa seli nzima. Taarifa inatoka kwenye uzi mmoja wa DNA uliobaki uchi, basi. Seli haisomi kwamba hapa kuna uharibifu wa UV, au hapa dawa imevunja, inachosoma ni kwamba kuna uzi uko peke yake bila mwenzake kwa urefu na kwa muda usio wa kawaida.

Kwanini uzi uchi? Siku za kawaida mashine ya kunakili DNA inatenganisha nyuzi mbili na kuzijazia wenzao palepale, kwa kasi ya kama herufi 1,000 kwa sekunde, kwahiyo kipande kilicho wazi ni kifupi na hakikai. Sasa mionzi ya UV ikigandisha herufi T mbili zilizo jirani, polimerasi (kimeng'enya kinachonakili DNA) ikifika hapo inakwama, haijui ijaze nini, mashine inaweza kuruka ikaanza tena mbele huku nyuma imeacha pengo la uzi mmoja. Kwa dawa yenu ya sipro njia ni nyingine lakini mwisho ni ule ule. Bakteria ana kimeng'enya kinaitwa jairesi, kazi yake ni kukata nyuzi zote mbili za DNA, kupitisha DNA nyingine katikati kisha kuunga, ili DNA isijisokote ikajifunga. Sipro inainasa jairesi ikiwa imeshakata na haijaunga. Hapo ncha zikiachia una mkatiko kamili, na kuna mashine inaitwa RecBCD inashika ile ncha na kuanza kuifungua na kuitafuna kwa kasi mpaka ikutane na alama ya herufi nane, GCTGGTGG, inaitwa chi. Ikifika kwenye chi inabadili tabia, inaacha kutafuna ule uzi wenye alama na kuubakiza uchi, na papo hapo inaanza kuupakia protini ya RecA.

RecA ndo mtu wa kwanza wa kumjua hapa. Ipo kwenye seli muda wote kwa maelfu hata kama hakuna shida yoyote. Ikikuta uzi uchi, na ATP (nishati ya seli) ipo, inajipanga juu yake mstari mrefu, kila molekyuli moja ya RecA inafunika herufi tatu. Mnyororo huo una kazi mbili kwa pamoja: unatafuta DNA inayofanana nao ili ukarabati uanze kwa kunakili kutoka kwenye kopi nzima, na unakuwa ishara ya hatari kwa seli yote.

Mtu wa pili ni LexA. Hii ni protini ya kuzuia, ina amino asidi 202, zinakaa mbili mbili, na seli isiyo na shida ina kama 1,300 hivi. LexA inakalia kipande cha DNA cha herufi 20 kilicho mwanzoni mwa jeni husika, pale pale ambapo mashine ya kusoma jeni ingetakiwa kutua. Kipande hicho tunaita kisanduku cha SOS na kilicho kamili kabisa kinasomeka TACTGTATATATATACAGTA. Kitazame vizuri, ukigeuza na kusoma uzi wa pili unapata maneno yale yale, kwa sababu LexA mbili zinakishika kila moja upande wake. Sehemu ambayo karibu haiguswi ni CTG ya kushoto na CAG ya kulia, katikati pana herufi kumi zinazobadilika badilika. Kwa E. coli jeni zaidi ya 40 zinatawaliwa hivi, zimetawanyika huku na kule kwenye kromosomu lakini zote zinamsikiliza mtu mmoja.

Sasa ule mnyororo wa RecA ukishajengeka, LexA inakatika vipande viwili na haiwezi tena kushika DNA. Hapa naomba usikie vizuri maana watu wengi wanajibu mtihani vibaya: RecA haina mkasi. LexA inajikata yenyewe. John Little alionesha mwaka 1984 kwamba ukichukua LexA safi kwenye tyubu, bila RecA yoyote, ukapandisha pH iwe ya alkali, inajikata, tena sehemu ile ile inayokatika ndani ya bakteria, kati ya alanini namba 84 na glisini namba 85. Vifaa vya kukatia viko ndani ya LexA yenyewe, serini namba 119 ikisaidiwa na laisini namba 156. Kinachofanywa na mnyororo wa RecA ni kuishikilia LexA kwenye mkao ambao ile sehemu ya kukatwa inaingia mbele ya ile serini. Mi naona hii ni moja ya vitu vizuri kabisa kwenye biolojia nzima, kizuizi kimetengenezwa kikiwa na uwezo wa kujiua ndani yake, kinasubiri tu kuguswa na ushahidi kwamba DNA iko matatizoni.

Na kuna jambo dogo lingine ambalo ndo linajibu swali la "anawashaje" kwa undani. LexA iliyokalia DNA haikatiki, inayokatika ni ile iliyoachia na kuelea. Lakini LexA haikai palepale milele, inashika inaachia, inashika inaachia, na kila ikiachia wakati wa hatari inaweza kukatwa kabla haijarudi. Kwahiyo akiba ya LexA inaporomoka ndani ya dakika chache na visanduku vinaanza kubaki wazi, ila sio vyote kwa mpigo. Jeni ambazo kisanduku chake kinatofautiana kidogo na ule mfano kamili LexA inazishika kilegevu, hizo zinafunguka mapema. Zenye kisanduku kinachokaribia ukamilifu zinashikwa sana, zinafunguka mwisho, na kama uharibifu ulikuwa mdogo zinaweza zisifunguke kabisa. Hakuna saa humo ndani wala hakuna anayepanga ratiba, mpangilio wote umeandikwa kwenye zile herufi 20 za kila jeni, ukichanganya na nguvu ya promota yake, yaani pale mashine ya kusoma jeni inapotua.

Wanaotoka kwanza ni kina uvrA, uvrB na uvrD, mafundi wa kukata kipande kibovu cha herufi 12 au 13 na kukitoa ili kijazwe upya kwa kufuata uzi mzima. Huu ni ukarabati msafi, hauachi makosa. (Kwenye timu hiyo hiyo kuna uvrC ambayo kwa E. coli haiko chini ya LexA, usije ukaiweka kwenye orodha.) RecA nayo inaongezeka sana, na jeni ya lexA yenyewe inawashwa mapema vilevile, ina visanduku viwili mlangoni kwake. Najua utashangaa, kwanini seli itengeneze kizuizi kingi wakati inajitahidi kukiondoa? Kwa sababu hatari ikiendelea kila LexA mpya inakatwa tu, haina madhara, ila dakika ambayo nyuzi uchi zimejazwa na minyororo ya RecA imevunjika, LexA mpya zinabaki salama na zinarudi kufunga jeni zote haraka sana. Mfumo unajizima wenyewe kwa kasi ile ile uliyojiwasha, na hilo ni la lazima, maana kuacha SOS imewaka muda mrefu kunamgharimu bakteria.

Kamba zenu sasa. Kati ya jeni zinazofunguliwa kuna sulA. Protini yake inaikamata FtsZ, ile inayojipanga kama pete katikati ya seli ili seli igawanyike. FtsZ ikikamatwa pete haijengeki, seli inaendelea kula na kurefuka lakini haigawanyiki, unapata kamba. Kuna mantiki hapo, ukigawanyika wakati kromosomu imekatika unampa mtoto DNA nusu. Ukarabati ukiisha kimeng'enya kinaitwa Lon kinaitafuna SulA ndani ya dakika chache na kamba inaanza kukatika vipande. Bakteria asiye na Lon akipigwa UV kidogo tu anabaki kamba mpaka anakufa, huyo anakuonesha wazi kwamba kuzima ni muhimu sawa na kuwasha. Ila tahadhari moja kwa mtu wa maabara: usiandike SOS kila ukiona kamba. Baadhi ya dawa za ukoo wa penisilini zinaziba moja kwa moja protini ya kujenga ukuta pale katikati ya seli, PBP3, na zinatoa kamba hizo hizo bila DNA kuguswa kwanza. Ukitaka uhakika unapima, kwa mfano kwa kuunganisha promota ya sulA na jeni ya kung'aa kijani kisha unaangalia kama seli inang'aa.

Mwisho kabisa, kama mafundi wasafi wameshindwa na bado kuna nyuzi uchi, ndo inatoka operoni (jeni zinazosomwa kwa pamoja) ya umuDC. Hii inatengeneza polimerasi ya tano, Pol V, ambayo inaweza kupita juu ya dosari pale polimerasi ya kawaida inapokwama, lakini inapita kwa kubahatisha, inaweka herufi bila kuhakiki. Seli inaiogopa, na unaona kwa jinsi ilivyoifungia milango. Kwanza kisanduku chake kinashikwa sana na LexA. Pili, ikishatengenezwa, sehemu yake iitwayo UmuD inakuwa haifanyi kazi hiyo mpaka ijikate kipande cha amino asidi 24 mbele, tena kwa kushikiliwa na mnyororo ule ule wa RecA, ila yenyewe inajikata taratibu kuliko LexA. Tatu, hata ikiwa tayari inahitaji molekyuli ya RecA na ATP kutoka kwenye ule mnyororo ndo iweze kunakili. Nne, Lon na kimeng'enya kingine cha kutafuna protini, ClpXP, wanasubiri kuitafuna. Kwa UV inachukua kama nusu saa mpaka dakika 40 hivi hadi Pol V ianze kazi, na E. coli aliyeshiba anaweza kugawanyika kila dakika 20, kwahiyo pima mwenyewe huo ni uchelewaji wa kiasi gani. Makosa ni njia ya mwisho kabisa baada ya zingine zote.

Nikutajie na watu kidogo maana haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1950 kule Paris André Lwoff na wenzake walimulika UV kwa bakteria waliobeba virusi vilivyolala, virusi vikaamka vyote na kupasua seli. 1953 Jean Weigle akaona virusi vilivyopigwa UV vinapona zaidi vikiingia kwa bakteria ambaye naye kapigwa UV kidogo, maana yake bakteria kaamsha kitu cha kusaidia. Aliyekaa akayaweka pamoja ni mama mmoja wa Marekani, Evelyn Witkin. Yeye alianza na E. coli na UV mwaka 1944, akaziona hizo kamba mlizoziona nyie, na mwaka 1967 akaandika kwamba kuamka kwa virusi na kurefuka kwa seli vinafanana mno, lazima kuna vizuizi vya aina moja vinavyoondolewa kwa njia moja. Miroslav Radman, mzaliwa wa Kroatia, akaongezea mabadiliko ya jeni kwenye picha hiyo na ndo aliyeipa jina SOS, maandiko yake ya miaka ya 1970. Witkin alipewa tuzo ya Lasker mwaka 2015 akiwa na miaka 94, akafariki 2023 akiwa na 102. Alifikia wazo sahihi bila mashine ya kusoma DNA, kwa sahani za agari na hesabu tu.

Kabla sijaingia kwenye usugu, usije ukadhani SOS ndo njia pekee. E. coli huyo huyo ana mfumo wa pili kwa ajili ya kemikali zinazobandika vikundi vya methili kwenye DNA, waliugundua Leona Samson na John Cairns mwaka 1977. Hapo hakuna uzi uchi wala RecA. Kuna protini inaitwa Ada inayong'oa ile methili na kuihamishia kwenye sisteini (moja ya amino asidi) yake yenyewe, na haiwezi kuitoa tena, ni kama nyuki, akishachoma mara moja kwisha. Ila sisteini namba 38 ikishabeba methili iliyotoka kwenye uti wa DNA, Ada inageuka kuwa kiwashio, inakwenda kuwasha jeni yake na wenzake alkB, alkA na aidB. Fundi ndo huyo huyo mpima. Na kwa kuwa seli tulivu ina wastani wa Ada moja hivi, wapo bakteria ambao kwa bahati tu hawana hata moja, hao wanachelewa kuwasha na wanajikusanyia makosa wakati pacha wao wa pembeni yuko salama.

Haya, usugu. Jibu ni ndiyo, na kuna njia mbili usizichanganye.

Ya kwanza ni makosa ya polimerasi. Mwaka 2005 kundi la Floyd Romesberg huko California walichukua E. coli wakambadilisha LexA iwe haiwezi kujikata, wakamwambukiza panya, wakatibu kwa siprofloksasini au rifampisini. Bakteria wa kawaida walizalisha usugu, wale wenye LexA isiyokatika hawakuzalisha. Maana yake ni kwamba usugu ule haukuwa umekaa tu unasubiri kuchaguliwa na dawa, sehemu yake ilitengenezwa wakati wa tiba, na bakteria alihusika kwa kuwasha SOS. Ndo maana dozi ndogo isiyoua inatisha kuliko inavyoonekana. Pale pembeni ya duara mlipochukua sampuli ndo mazingira yenyewe, dawa inatosha kukata DNA lakini haitoshi kumaliza seli. Na watu wananunua vidonge vinne vya sipro dukani kwa ajili ya tumbo, wanameza siku moja, wanaacha.

Njia ya pili ni kugawana jeni, na hii kwa upande wetu naiona nzito zaidi. Kipindupindu kina kipande cha DNA kinachohama kinaitwa SXT, kilitambuliwa kwa vimelea vya O139 vilivyotokea India mwaka 1992, kimebeba usugu wa sulfamethoksazo, trimethoprimu, kloramfenikoli na streptomisini kwa mpigo. Vipande vya ukoo huo vipo pia kwa vimelea vya kipindupindu vilivyopatikana Kenya na Tanzania. SXT inazuiwa kuhama na protini inaitwa SetR, na SetR ni ya aina ile ile ya LexA, mnyororo wa RecA ukijengeka inakatika. Kundi la Matthew Waldor lilionesha mwaka 2004 kwamba sipro ikiwasha SOS, SXT inaruka kwenda kwa bakteria wengine kwa wingi zaidi. Kwahiyo dawa moja inasambaza usugu wa dawa nyingine nne ambazo mgonjwa hata hajapewa.

Virusi walivyoamsha kina Lwoff wanaingia hapa hapa. Sumu ya Shiga kwenye E. coli wa kuhara damu imo ndani ya virusi vilivyolala kwenye kromosomu yake, na kizuizi cha virusi hivyo kinakatika SOS ikiwaka, virusi vinaamka, sumu inatengenezwa, seli inapasuka inaimwaga. Ndo sababu madaktari wanasita sana kutoa antibayotiki kwa mgonjwa wa E. coli wa aina hiyo. Mwaka 2011 Ujerumani walipata mlipuko wa E. coli wa aina hiyo, O104:H4, uliohusishwa na chipukizi za mbegu za uwatu, zaidi ya watu 50 walifariki, wengi baada ya figo kuharibika kwa sumu hiyo.

Umenisikia nasema E. coli, E. coli, lakini maabara za kwetu zinashinda na kifua kikuu, na huko mambo yamepangwa tofauti. Mycobacterium tuberculosis ana LexA na RecA, ila jeni nyingi za ukarabati zinawashwa na kiwashio kingine kinaitwa PafBC ambacho hakimtegemei LexA. Pol V hana kabisa. Badala yake ana polimerasi ya DnaE2 ikishirikiana na protini za ImuA' na ImuB, na kwa panya imeonekana kwamba kimelea asiye na DnaE2 anazalisha usugu wa rifampisini kidogo kuliko mwenzake. Hilo ni zito kwa TB kuliko kwa kipindupindu, kwa sababu kimelea wa TB hapokei jeni za usugu kutoka kwa majirani kwa plasmidi (viduara vya DNA vinavyohama) wala vipande kama SXT, usugu wake wote unatokana na makosa ya kunakili kwenye kromosomu yake mwenyewe. Na ndo maana mgonjwa anaanzishiwa dawa nne kwa pamoja, kosa la kumpa usugu wa rifampisini halimpi usugu wa zile tatu zingine, inabidi makosa manne tofauti yatokee ndani ya seli moja kabla haijauliwa.